Tumbako ya kutia mu mudomo pahali pa sigara: nani alijaribu na akaweza?

Kambisti_Birere (Goma)

Jambo yenu bote. Mutanisamehe naandika murefu, leo pesa haitembee na nimekaa tu kwa meza naangalia batu banapita. Mi nabadilishaka pesa pa Birere, mwaka ya kumi na moja hii, na sigara nilianzaka mbele ya hiyo kazi. Kwa siku zinafika kumi na mbili, siku ya presha kumi na tano, nanunua moja moja kwa mutoto mwenye anapitishaka bombo na sigara mu sanduku ya kufunga ku shingo. Bibi yangu alishachoka na harufu, anasema ata noti zenye naleta nyumbani zinanuka.

Sasa mudogo yangu mwenye iko Göteborg kule Uswidi akanitumia kopo tano za kitu banaita snus, akasema yeye njo ilimutosha ku sigara. Ni kakopo ka muviringo kama ka siraji ya biatu, ndani tuko tusashe tweupe kama twa majani ya chai ila tudogo sana, unakamata kamoja unatia chini ya mudomo ya juu pale ku fizi, unaacha. Hakuna moshi, hakuna kutema mate, batu hawajue.

Ya kwanza nikatia asubui na tumbo wazi. Ikaanza kuchoma fizi kama mbegu ya pilipili imekwama pale, nikaanza kumeza mate, nyuma ya dakika kumi kwikwi. Njo pale mama mmoja wa bitenge anafika na dola mia tatu, anataka franka. Naanza kuhesabu fungu, kwik, napotea, naanza tena, kwik, jasho baridi ya shingo, meza inazunguka, mama ananiangalia macho makali anasema "papa, uko mugonjwa ao unatafuta kuniiba?" Nikamuombea kwa mwenzangu wa meza ya pembeni amumalizie, mi nikaenda kutapika ku mutaro. Nilirudi nikafanya nini? Nikawasha sigara ju ya kutuliza roho.

Ulizo yangu njo hii: kwa nini bamoja banajaribu hii kitu na sigara inaisha, bengine tunajaribu mara moja tunaitupa? Ni nguvu ya roho, ni mwili, ao ni nini? Kopo ine na nusu zingali mu kabati.

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Hahahaha mama wa bitenge alikusomea vizuri mukubwa.

Mi nitasema ukweli yangu. Koko yangu kule Walungu alikuwaka anatumia ugoro, anaufunga mu ncha ya kitenge, akipiga chafya nyumba yote inajua. Kwa mi tumbako bila moshi ni kitu ya bakoko. Niko na miaka 26, nitoe ugoro mbele ya mwana muke mwenye namutafuta?? Sigara angalau unaishika, unasimama pa kona na benzako, iko na sura. Ile yako ya Uswidi ata kama ni nyeupe na inanuka mint, ku akili yangu inabaki ya koko. Ata bure siijaribu.

Zote_Zinaua (Goma)

Tumbako ni tumbako. Unatosha sumu ku mapafu unaitia ku mudomo, umepata nini? Kansa ya mapafu unaiachia kansa ya lulimi. Bora mutu abaki na ile alishazoea, kama hawezi kuacha yote.

Wa_Uvira_Uko_Göteborg

Kaka kambisti nimecheka mu tramu mpaka wazungu bakageuka. Pole. Kosa ni mbili: tumbo wazi, na ile mudogo yako alikutumia ya nguvu kama ile banatumia bazee ba hapa. Angalia ku mufuniko, ku kopo mingi kuko alama tudogo twa kuonyesha nguvu, mutu wa kwanza anaanzaka na ya chini na anaitosha nyuma ya dakika kumi na tano, haiachi saa nzima.

Zote_Zinaua, njo bile batu bengi banawazaka na si huku kwetu tu, ata Marekani wakiuliza bavutaji, bengi banajibu kama snus na sigara hatari ni moja, na mwenye anawaza vile hawezi kujaribu, ajaribu ya nini? Iyo mawazo peke inafunga mulango mbele mutu hajafika ku butiki. Kwa upande ingine kujua tu haitoshi, ngoja nieleze vile ilikuwa kwangu.

Hapa snus haikukuya jana. Iko marke moja banaita Ettan inauzwa tangu 1822. Mbele ilikuwa ya kufinyanga na vidole kama udongo mweusi, na meno inakuwa nayo nyeusi, tusashe tulikuya miaka ya 1970, na pale njo batu ba ofisi, benye hawakutaka kuchafua vidole, bakaingia. Umoja wa Ulaya ilikataza kuuzisha snus mu 1992, Uswidi ikaingia mu 1995 na ikaachiwa ruhusa yake peke. Sasa mu inchi zote za Umoja wa Ulaya, Uswidi njo iko na bavutaji ba sigara kidogo kabisa, na kansa ya mapafu kwa banaume ba hapa iko chini kuliko ya majirani.

Mi nilifika 2014, navuta paketi moja kwa siku. Hakuna dokta mwenye alinigeuza. Natumika mu depo, benzangu bote ba timu snus. Tunapewa pause ya dakika kumi. Beye banabaki ndani na kahawa ya moto, banacheka, mi navaa makoti mbili, nashuka ngazi, nasimama peke yangu inje mu theluji na vidole vinakufa. Ndani ya restora sigara ilishakatazwa tangu 2005. Siku moja mwenzangu mmoja wa Somalia akanifungulia kopo yake akasema "bro, kaa ndani." Njo ile. Kama angenipa mutu ya shirika la afya ningekataa.

Na bei. Sigara hapa ni ghali kabisa, na mu mwezi wa 11 wa 2024 serikali ilipunguza kodi ya snus kwa 20% na ikapandisha ya sigara. Mutu anahesabu.

Lakini usiwaze kama ilikuwa siku moja. Miezi ine nilikuwa nachanganya, kazini snus, nyumbani sigara. Ya mwisho kuacha ilikuwa ile ya nyuma ya chakula ya jioni, ile ilinisumbua kuliko zote.

Kadhafi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu ba Kivu. Miye minauzishaka esanse ku njia, bidoni kumi ziko pembeni yangu muchana mutima. Fikiria miye niwashe sigara pale 😂 kartie yote inaenda. Basi minatia tumbako ya majani chini ya mudomo, ile ya ku soko ya kusaga, asubui mpaka saa kumi na moja. Mangaribi nikishafunga bidoni, minaenda kwa bwifi yangu, tunavuta sigara tano, sita, tena kwa mbio sawa mutu mwenye balimunyima chakula.

Kwa hiyo miye mu ulizo yako naingia wapi? Ninaitumia kila siku, miaka saba. Sijaacha kiloko. Sikuianzaka ju ya kuacha, nilianza paka ju ya moto na esanse. Naona kuko bantu bengi sawa miye, tumbako ya mudomo inawasaidia kungojea sigara.

Kambisti_Birere (Goma)

Kadhafi umesema kitu kubwa sana pale. "Kungojea sigara." Nitairudilia.

Infirmie_Nyawera (Bukavu)

Bandugu mi ni infirmie, siko dokta, lakini hii mambo tunaikutanaka nayo kila siku na naona munachanganya bintu bitatu mu kapu moja. Niruhusu.

Ya kwanza. Kinachouwaka zaidi mu sigara ni moto. Ukichoma jani unapata maelfu ya kemikali, na zaidi ya sitini zinajulikana zinaleta kansa, unapata masizi ku mapafu, unapata na ile gazi ya mbabula, ndiyo, ile ile inauaka batu benye banalala na makala madirisha imefungwa, muvutaji anaipokea kidogo kidogo kila sigara. Snus haina moto. Njo maana FDA, ofisi ya Marekani yenye inaangaliaka dawa na chakula na tumbako, mu 2019 ilikubalia snus moja ya Uswidi iandikwe kama mwenye anaitumia PAHALI pa sigara hatari yake ya kansa ya mapafu, ya moyo, na ingine inashuka. Musome vizuri neno pahali pa. Si pamoja na.

Ya pili, na hapa kaka Zote_Zinaua haukosee yote. IARC, shirika la utafiti wa kansa yenye iko Lyon, ilishatia tumbako isiyo na moshi mu kundi ya kwanza ya bintu binaleta kansa kwa mwanadamu: kansa ya mudomo, ya mumio, ya kongosho. Lakini "isiyo na moshi" ni jina ya familia, watoto hawafanane. Snus ya Uswidi wanaipitisha ku mvuke ya moto, vijidudu vinakufa, kisha inakaa mu frigo, ile sumu mbaya yenye banaita nitrosamini inabaki chini. Sudan banatumia toombak, jani ingine ya tumbako yenye ina nguvu zaidi, banaiacha ichache, banaichanganya na magadi, na hiyo nitrosamini inapanda vibaya sana, na kansa ya mudomo kule ni mambo kubwa. Sasa kaka Kadhafi, ile yako ya soko, nani anaipima? Anachanganya na majivu ao hapana?

Kadhafi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Anachanganya mama. Majivu ya ndizi anasemaka. Bila majivu haikamate.

Infirmie_Nyawera (Bukavu)

Njo hivyo. Majivu na magadi binafanya nikotini, ile kitu ya tumbako yenye inazoeshaka mutu, itoke ku jani na ipite ku fizi mbio. "Kukamata" ni ile. Kwa hiyo mutu asibebe habari njema ya Uswidi akaivalisha kitu ya sokoni ya Lubumbashi ao ya Kadutu, ni nguo ya mutu mwingine. Ukiona kidonda ao alama nyeupe ku fizi yenye haiponi wiki mbili, wende ku lopitali, kaka, usingojee iume.

Ya tatu ni jibu ya kaka kambisti. Sigara ukivuta, nikotini inafika ku ubongo kwa sekunde kumi ao ishirini hivi. Snus inapandaka pole pole, inafika juu nyuma ya nusu saa karibu. Mwili yako miaka kumi na moja na zaidi ilizoea kofi, wewe unailetea mukono wa kubembeleza. Basi yenye alizoea kofi nyingi njo anasema "haifanye kitu," anatia ingine juu, anatapika. Na tena sigara si nikotini peke. Kuna kuwasha, kuna kushika, kuna kutoka inje, kuna ile kukwaruza ya mu koo yenye bavutaji banaipendaka na mi sitaielewa. Snus inalipa deni moja tu mu hayo.

Mama mwenye mimba asiiguse, mwenye moyo ilishaanza kusumbua aulize kwanza. Na kopo ikae mbali na batoto, nikotini kwa mutoto ni sumu ya mbio.

Na kuko dawa za kuacha, shikileti ya nikotini na patchi, OMS, shirika la afya la dunia, ilizitia mu liste ya madawa ya lazima tangu 2009. Huku kwetu kuipata ni kazi ingine, najua.

Vape_na_Sashe_Gros

Nico sashe za mint na cafe nguvu zote, bei ya depo, inboxi

*[Ujumbe wa kuuzisha, namba imetolewa. Hapa si soko. Admini]*

Zote_Zinaua (Goma)

Unaona sasa? Hao njo naogopa mimi. Mama munganga nimekubali ya moto na moshi, sikujuaka ile ya mbabula. Lakini angalia nani ananunuaka tusashe twa mint. Si muzee wa paketi moja. Ni batoto ba futboli, juu wameona kule Uingereza, muchezaji Jamie Vardy mwenyewe alikubali kama alikuwa anatumia snus. Mutoto mwenye hajavuta sigara ata moja ataacha nini nayo? Anaingia tu. Kwa hiyo ile dawa ya mutu wa Birere njo mulango wa mutoto wa kartie ya Himbi.

Wa_Uvira_Uko_Göteborg

Siwezi kukataa. Hapa vijana bengi na basichana siku hizi banaanza moja kwa moja na zile nyeupe, zenye hazina ata tumbako ndani, nikotini tu na ladha, na sigara hawajaigusaka. Marekani ilikuwa kinyume kwa muda murefu, kampuni ya sigara R.J. Reynolds ilianza kujaribisha Camel Snus mu 2006, matangazo mingi, na bavutaji bengi bakachukua kopo ya bure, bakatia mara moja, bakarudi ku sigara. Kwao tumbako ya mudomo ilikuwa tayari na sura yake, ya cowboy na muchezaji wa besiboli mwenye anatema mate mu chupa. Kama vile Mwana_Kadutu na koko yake. Kitu moja, inchi mbili, na sura yenye batu banaipatia njo inaamua zaidi kuliko kitu yenyewe.

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Acheni koko yangu mu amani jamani

Kambisti_Birere (Goma)

Narudi nyuma ya wiki tatu, munisamehe nilikuwa nahesabu kama vile mama munganga aliniomba ku inboxi.

Nilifuata ya ndugu wa Uvira. Nilitafuta kopo yenye alama kidogo mu zile tano, ilikuwako moja. Nyuma ya chai na mukate, dakika kumi na tano, natosha. Kwikwi ikakuya siku mbili, kisha ikaacha. Kwa meza sasa inakaa vizuri, nahesabu pesa muzuri kuliko zamani juu sigara ilikuwa inashika mukono moja. Zile za asubui na za muchana zimekufa bila kelele, siwezi kusema nilipigana. Nilivuka Gisenyi, ku Rwanda, mara mbili, kule hauwezi kuvuta ovyo ovyo, sikusumbuka. Nilipanda boti ya usiku ya Bukavu, kwa kawaida napandaka juu ku upepo kila saa kuwasha, hii mara nililala mpaka kisiwa ya Idjwi imepita.

Kutoka kumi na mbili nimefika ine.

Lakini zile ine, sasa. Moja ni ya saa sita na benzangu, pale tunafunga meza kidogo tunaenda nyuma ya ukuta. Nilijaribu kwenda na kasashe ku mudomo, nikasimama nao. Bakaniuliza "unasimama kama mutu anangojea nini?" Nikakosa cha kufanya na mikono. Ile pale njo nilielewa kama mi sikuwa navuta tumbako saa sita, nilikuwa navuta wale batu, ile dakika tano ya kusema nani amekamatwa na noti ya bongo, dola imepanda wapi. Kopo haina hiyo ndani. Ya pili ni ya jioni. Ya tatu na ya ine ni siku nimepata hasara.

Na ile ya Kadhafi ilinisumbua usingizi. Kuko siku tatu niliangalia hesabu nikaona natia snus saba NA sigara ine, nikotini labda imepanda kuliko mbele. Nilikuwa nangojea sigara na kitu ku mudomo. Mama munganga akaniambia nichague siku ya ile ya saa sita, nisichague zote ine pamoja. Lakini mi nimechagua ya jioni kwanza juu iko nyumbani na bibi anasaidia.

Kitu ingine. Mutoto wangu wa miaka mbili na nusu alipanda ku kiti akashika kopo, aliona inanuka kama bombo ya mint. Mama yake alifika wakati kasashe kako mu vidole. Sijawai kusikia bibi yangu analia vile. Kopo sasa ziko juu ya kabati mu sanduku ya kufunga na kadenga, na hiyo siku nilivuta tisa.

Infirmie_Nyawera (Bukavu)

Pole kaka, na Mungu asifiwe kwa mutoto. Ile ya benzako wa saa sita, umeshawaambia kama unatafuta kuacha?

Kambisti_Birere (Goma)

Hapana. Naona haya.

Kadhafi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Waambie mukubwa. Miye nilimuambia bwifi jana, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatema. Kisha akaniuliza kama ku Goma kopo zimebakia ngapi.

Kambisti_Birere (Goma)

Mbili na nusu. Mudogo anasema ingine haitumi mbele ya Noeli, mizigo imepanda.

Kadhafi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Na zikiisha?

Kambisti_Birere (Goma)

Njo naiwaza, ndugu yangu. Mutoto wa bombo anapita pale mbele yangu kila dakika kumi na tano na ananiitaka kwa jina.